Safari ya Kumtafutia Dativa Mjomba

Katika soko la Lindi, miaka ile mitumba ilipoanza kuuzwa waziwazi, hakukuwa na mwanamke aliyejua kupanga maneno kama Valeria. Meza yake ilikuwa karibu na lango. Mteja akisimama pale na kushika shati, yeye mwenyewe alikuwa bado hajajua kama analitaka, lakini Valeria alishajua. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza mjini kupanda lori kwenda Dar es Salaam kufuata robota la mitumba. La kwanza lilipofunguliwa yakatoka makoti mazito ya baridi, na soko zima likamcheka. Akajifungia siku mbili na cherehani ya kuazima, akayakata makoti yale kuwa kaptura za watoto wa shule, na wiki haikuisha kabla kaptura hazijaisha.

Nyumbani, mtaa wa Rasbura, alikuwa na mume, Cletus, na binti mmoja tu, Dativa. Cletus alikuwa Mmwera wa Nyangao, mtu mtaratibu mwenye mwandiko wa kupendeza, aliyekuwa karani wa ghala katika shirika moja la umma. Mashirika yalipoanza kupunguza watu, jina lake lilikuwa kwenye karatasi ya kwanza kubandikwa ukutani. Tangu siku hiyo akawa mtu wa barazani. Alikaa na redio yake, amevaa suruali aliyochaguliwa na mkewe kutoka kwenye robota, akingojea nani apite amsalimie.

Valeria hakumnyima chakula wala hakumnyima nguo. Alichomnyima ni heshima, tena mbele za watu. Akirudi sokoni jioni na kumkuta palepale alipomwacha asubuhi, aliweza kuwaambia majirani, huku akivua viatu, kwamba mwana wa mihogo leo amechoka, mpeni pole. Alisema kwao Mueda mwanamume asiyekwenda shamba hupewa mtoto wa jirani ambebe mgongoni. Majirani walikufa kwa kicheko. Cletus naye alicheka pamoja nao, na Valeria akaamini kwamba anacheka.

Hayo ya Mueda aliyapata kwa mama yake, marehemu Stefania. Stefania alivuka Ruvuma kwa miguu na mume mkata mkonge zamani za Waingereza, wakahamia mashamba ya nje ya mji wa Lindi, wasirudi tena Msumbiji. Katika uzee wake alikuwa akimsimulia bintiye kwamba huko juu, kwenye uwanda wa Wamakonde wa upande wa Wareno, wao ni watu wa Likwata. Ukoo wa Likwata ulikuwa na bunduki na mashamba yasiyoonekana mwisho, na mgeni hakukaa kabla hajaambiwa kaa. Valeria aliyachukua masimulizi hayo akayapeleka sokoni, na kila mwaka yaliongezeka kidogo.

Jambo moja tu hakuwahi kulifikiria vizuri. Zamani za vita vya kumwondoa Mreno, wakati wakimbizi walipojaa kambi ya Rutamba, alikuwapo msichana mmoja wa ukoo huohuo wa Likwata aitwaye Rosa, aliyekuwa akija Lindi kumsalimu Stefania. Kila Rosa alipofika, Stefania alimtuma Valeria dukani kununua kitu ambacho kilikuwamo ndani.

Mwaka tisini na sita Dativa alipata mchumba, mwalimu Leonadi, kijana wa Newala. Wazee wake walikuja Rasbura wakiongozwa na baba yake mkubwa, Mzee Valentini, wakala, wakanywa, wakasifu nyumba. Kisha Mzee Valentini akasema wamemwona baba na wamemwona mama, sasa wangependa kumwona mjomba. Swali hilo halikuwa la uchokozi. Kwa Wamakonde, kama ilivyo kwa Wamwera, mtoto ni wa upande wa mama, na kaka wa mama ndiye anayemtoa. Baba hata akiwa tajiri, pasipo mjomba hajaozesha mtu.

Valeria hakuwa na kaka. Alikuwa mtoto pekee wa Stefania kama Dativa alivyokuwa wa kwake. Lakini alijibu bila kupepesa macho kwamba mjomba yupo, yuko Mueda, ni mtu mzito, na kabla ya mvua za mwaka huo watamleta au wataleta neno lake. Wageni wakaridhika. Mzee Valentini alisema hata alilisikia jina la Likwata, na Valeria akamtazama mumewe kama mtu aliyeshinda kesi.

Basi wakaenda wote wawili. Ilikuwa safari ya kwanza ya Cletus nje ya nchi, na hati yake ya kusafiria aliifunga kwenye mfuko wa nailoni akaiweka kifuani. Valeria alibeba mabegi mawili ya zawadi: mablanketi, makoti yaliyo mazima, sweta, kwa kuwa aliambiwa Mueda kuna baridi. Chini kabisa aliweka kanga ya mama yake, aizike karibu na kaburi la bibi yake.

Walilala Mtwara, wakapanda gari la mizigo hadi Kilambo, wakavushwa Ruvuma kwa mtumbwi pamoja na mbuzi watano na mwanamke aliyekuwa akisali rozari kila alipomwona kiboko. Ng'ambo, askari wa Msumbiji aliwauliza kwa Kireno, wasielewe. Akauliza kwa Kiswahili kibovu wanakwenda kwa nani. Valeria akasema, kwa ndugu. Alilisema neno hilo vizuri sana. Siku mbili zaidi walikuwa juu ya lori, wakipita vijiji vilivyoanza tu kuezekwa upya baada ya vita, mahali pengine dereva akiwaonya wasishuke kujisaidia mbali na barabara kwa sababu ya mabomu yaliyofukiwa. Cletus alimshika mkewe mkono lori lilipoinama. Siku zile mbili walisikilizana kuliko miaka mitano iliyopita. Cletus alimwambia hata kwamba anaona fahari kufika kwao.

Rosa alikuwa bado hai, mjane wa makamo, anakaa kijiji kimoja nje ya Mueda. Alimtambua Valeria kwa paji la uso. Wanawake walipiga vigelegele, watoto wakaletwa wasalimie, kuku akachinjwa. Likwata wa sasa, mkuu wa ukoo, hakuwapo. Alikuwa amekwenda mjini kufuatilia malipo ya wapiganaji wa zamani. Rosa alisema wamngojee, na alisema hivyo akitazama moto.

Siku ya tatu asubuhi, kabla umande haujakauka, mwanamke mmoja mzee ambaye Valeria hakujua cheo chake alimwekea ndoo miguuni na kumwonyesha kwa kidevu wasichana waliokuwa wakitoka. Uwanda wa Mueda hauna maji. Maji yako chini kabisa ya mteremko, na kuyapandisha ni kazi ya nusu siku. Rosa aliinama kuchochea moto. Valeria hakuona ubaya. Alijitwika ndoo, mwanamke wa miaka arobaini na minne aliyeacha kuchota maji tangu mabomba ya Rasbura, akashuka na wasichana akiwachekesha kwa Kimakonde chake cha Lindi. Aliona kwamba sasa amekuwa mtu wa nyumbani, si mgeni wa kukalishwa kitini.

Alirudi jua limeshakuwa kali, shingo imekufa ganzi, nusu ya maji yamemwagikia mgongoni. Likwata alikuwa amefika. Alikuwa mzee mrefu mwenye jicho moja jeupe, ameketi kwenye kiti cha kamba, na Cletus amewekwa karibu naye kwenye kiti kingine. Wanaume wengine kama saba walikaa kwenye magogo. Mabegi mawili yalikuwa katikati, yamefunguliwa. Valeria akatua ndoo, akapiga goti, akaamkia shikamoo. Mzee hakuitikia. Aliuliza huyu ndiye, na Rosa akasema ndiye.

Cletus, kwa adabu zake za ukarani, alikuwa ameshaeleza habari ya Dativa na haja ya mjomba. Valeria akaongeza yake. Akasema mama yake Stefania amekufa akiwataja, na yeye amekuja kuwaletea msiba na furaha kwa pamoja, maana mtoto wao anaolewa.

"Nitasema Kiswahili," Likwata akasema. "Nilijifunza kambini Nachingwea zamani za vita. Nasema Kiswahili ili huyu mume naye asikie, asiendelee kudanganywa."

Akasimulia bila haraka, kama mtu anayesoma hati. Bibi yake Valeria hakuzaliwa pale. Mwaka mmoja wa njaa, kabla Wareno hawajapanda uwanda ule, walipita watu wenye kamba, wamefunga watoto wa kuuza. Bibi yake Likwata alikuwa anahitaji mtoto wa kumpandishia maji. Akatoa kikapu cha mtama na kipande cha kitambaa cha kaniki, akapewa msichana. Hakuna aliyemwuliza msichana yule anatoka wapi, na mwenyewe alikuwa mdogo, hakukumbuka zaidi ya jina lake, nalo likabadilishwa. Alipokua akamzaa Stefania. Stefania akatoroka na mkata mkonge, na mahari yake hawakuiona mpaka leo.

Mahali pale palikuwa na watu kama ishirini sasa, maana wanawake nao walikuwa wamesogea. Valeria alisikia maji yakimchuruzika kutoka mgongoni hadi kwenye visigino. Akamwambia mzee.

"Mama alisema sisi ni watu wa Likwata."

"Hakusema uongo," mzee akajibu. "Watu wetu, ndiyo. Ndugu zetu, hapana."

Mtu mmoja kwenye gogo akakohoa kuficha kicheko. Valeria akauliza kaburi la bibi yake liko wapi, angalau azike kanga. Likwata akasema makaburi ya ukoo yako kule mkoroshoni, lakini bibi yake hayumo humo. Watu wa namna ile walizikwa mwisho wa shamba, na shamba lile limelimwa mara nyingi tangu hapo. Kisha akainama, akachagua koti zuri kuliko yote kwenye begi, akalivaa, akanyoosha mikono kuona kama linamtosha. Akasema vitu vilivyochumwa na mtu wao ni vyao, hakuna haja ya kushukuriana. Na kuhusu binti, mjomba wa kumwozesha yeye Likwata hana. Lakini akiolewa, mahari ijue njia ya kuja Mueda.

Hapo ndipo Cletus alipocheka. Valeria aligeuka kumtazama kwa sababu hakuitambua ile sauti. Hakikuwa kicheko cha barazani. Kilianza taratibu, kikamshika mabega, na Likwata akamtazama kwa jicho lake zima, akampigapiga gotini, akaagiza aletewe pombe ya mtama.

Walikaa siku mbili zaidi, maana lori halikuwapo. Cletus alizitumia kwa Likwata. Walielewana mno. Valeria alikula na wasichana wa maji, na asubuhi zote mbili ndoo ilikuwa mlangoni, naye aliibeba, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake. Siku ya kuondoka Rosa alimsindikiza hadi barabarani. Alipoona Cletus yuko mbele, alimwambia kwa haraka kwamba asiuweke moyoni uzito wote ule. Kila ukoo juu ya uwanda ule una watu wake wa kikapu. Mama yake Likwata mwenyewe alinunuliwa kwa bunduki mbovu, kila mtu anajua, ila hakuna wa kulisema kwa sababu Likwata ni mwanamume na alipigana vita.

Valeria alilishika neno hilo kama dawa. Lori lilipokuwa linashuka uwanda, akamwambia mumewe.

"Hilo halikusemwa mbele yangu," Cletus akasema. "Lako limesemwa."

Kisha akampa mabegi yote mawili, sasa yamebaki na nguo zao tu, akasema abebe, si amezoea. Kwenye mtumbwi wa kurudi alimsimulia mpiga kasia. Hakumtaja mkewe, alisema tu kuna mwanamke mmoja Lindi aliyejiita binti wa mfalme. Mpiga kasia alicheka sana, na Valeria akakaa katikati ya mtumbwi akiyatazama maji ya Ruvuma. Kanga ya mama yake alikuwa ameirudisha ndani ya begi, haikupata pa kuzikwa.

Cletus hakuwa mtu wa kelele. Laiti angepiga kelele, majirani wangemjia juu. Yeye alirudi barazani kwake, akawasha redio, na Valeria aliporudi kutoka sokoni siku ya kwanza akamwuliza kwa upole, "Kikapu, umetuletea nini leo?" Watu wakadhani ni jina la mapenzi walilopeana safarini. Aliliita asubuhi, aliliita jioni. Wiki ya pili jirani mmoja akauliza maana yake, na Cletus akamweleza yote, kwa mpangilio mzuri, kuanzia mwaka wa njaa mpaka kipande cha kaniki. Alikuwa ameungojea wakati huo miaka mitano.

Habari ilifika sokoni kabla ya Valeria. Asubuhi moja akamkuta mwenye meza ya jirani amening'iniza kikapu kwenye mti wa kibanda chake. Pengine kilikuwa kikapu tu. Lakini mteja wa kwanza aliposimama na kushika blauzi, Valeria alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Mteja akangoja, akaitua blauzi, akaenda. Ikawa hivyo siku nyingi. Maneno yaliyomlisha yeye na mumewe na binti yake yalimkauka mdomoni, na alikaa nyuma ya nguo zake kama mtu anayemlindia mwingine meza.

Nyumbani hakujibu pia. Mara moja tu alimwambia Cletus ukweli kwamba nyumba ile aliijenga yeye. Cletus akasema ni kweli, lakini kama alivyosikia mwenyewe, alichochuma mtu si lazima kiwe chake.

Siku za mahari zilikaribia. Valeria alitafuta namna. Alikuwapo Mzee Tomaso, Mmakonde aliyekata mkonge na marehemu baba yake, sasa amebaki ngozi na kikohozi, anakaa peke yake. Valeria alimwendea na sukari na kumweleza haja yake. Asimame tu kama mjomba, aseme maneno yanayosemwa, apokee kinachopokewa. Mzee Tomaso alilia. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumwomba asimame kwa ajili yake. Valeria alimpa shati jeupe na koti la bluu, na kwa wiki nzima mzee alikuwa akiyakariri maneno yale njiani watu wakimwona.

Wazee wa Newala wakaja. Sebule ya Rasbura ilijaa. Dativa alikuwa chumbani na shangazi yake Benadetha, dada yake Cletus, pazia limeachwa wazi kidogo. Mzee Tomaso alisimama, akashika mkongojo wake, akasema kwamba yeye ndiye mjomba, mkubwa wa upande wa mama, kwamba dada yake alimzaa huyu, na huyu akamzaa yule aliye ndani. Aliyasema yote bila kukosea hata neno moja, na Mzee Valentini alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Cletus alimwacha amalize. Alimwacha hata akae na kujifuta jasho.

"Wazee wangu, nisamehewe," akasema. "Huyu si mjomba. Huyu amepewa koti. Upande wa mama hakuna mtu, nilikwenda mwenyewe nikaona. Bibi yake mama Dativa alinunuliwa kwa kikapu cha mtama, na kwao hapajulikani. Sikutaka muoe bila kujua."

Mzee Tomaso alijaribu kuinuka, mkongojo ukateleza, akarudi chini. Hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyejua amtazame kwa macho gani. Valeria alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Aliiweka chini. Akasema, na hii ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu Mueda, kwamba kama mjomba hakuna, basi yeye aliyemzaa Dativa na kumsomesha na kumvisha atasimama mwenyewe mahali pa mjomba, na wamwulize yeye wanachotaka kumwuliza mjomba.

Wageni wakatoka nje kushauriana. Wakarudi na jibu la watu waungwana. Mzee Valentini akasema kijana wao anampenda binti na wao hawana ugomvi na mtu aliyekwisha kufa. Ndoa itaendelea. Ila ili mambo yasije yakawa na maswali baadaye, wao watashughulika na upande wa baba peke yake, na mama hatasumbuliwa. Alilisema hilo la kutosumbuliwa kwa sauti ya huruma. Dativa akaitwa atoke aseme ni nani atakayesimama kama mzazi wake wa kike katika shughuli zote. Alitoka, hakumtazama mama yake, akamshika shangazi Benadetha kwenye mkono.

Walipokwisha ondoka, Valeria alimfuata binti yake uani. Hakumgombeza. Alimwuliza tu amemkosea nini.

"Mama, ulimcheka baba miaka mitano mbele ya majirani," Dativa akasema. "Mimi nilikuwa ndani nasikia. Sikusema kitu siku zile, na leo sisemi kitu."

Siku ya harusi Valeria alipika. Hakuna aliyemkataza kukaa mbele kanisani, lakini kiti cha mama kilikuwa na Benadetha, amevaa gauni alilochaguliwa kutoka meza ya Valeria mwenyewe. Wapishi wa kukodi waliokuwa uani hawakumjua, wakamtuma kuni, akaleta kuni. Mzee Tomaso hakuja. Lile koti la bluu alilirudisha siku ileile ya mahari, limekunjwa vizuri, akaliacha mlangoni bila kubisha hodi. Alifariki kabla ya Krismasi, na Valeria ndiye aliyegharimia mazishi.

Mwezi wa kwanza akafunga robota lake moja lililobaki, akapanda lori, akashuka Somanga. Hakuaga. Barabara ya Dar es Salaam siku hizo ilikuwa ya udongo, na malori yaliyokwama au yaliyokuwa yakingoja kivuko cha Rufiji yalijaza abiria pale Somanga kwa siku nzima, mara nyingine tatu. Watu wenye baridi, waliolowa, wasio na nguo za kubadilisha. Hakuhitaji maneno. Alitandika turubai kando ya barabara, akaweka nguo, akakaa kimya, na watu wakanunua. Mvua kubwa za mwaka tisini na saba zilipoanza na barabara ikakatika vipande vipande, aliuza mpaka akawa anatoa mashuka yake mwenyewe kitandani. Wenyeji walimwita Mama Kimya. Walidhani ndivyo alivyozaliwa.

Cletus alikuja mara moja. Alishuka kwenye lori amekonda, suruali imefungwa kwa kamba, redio hana. Alisimama mbele ya turubai akasema, "Mama Dativa, hujambo." Hakulitamka lile jina lingine. Valeria alimwonyesha pa kukaa, akamnunulia wali na samaki kwa mama lishe, akamngojea ale. Alikula haraka, akijificha kidogo. Alipomaliza akaanza kusema kwamba binadamu hukoseana, kwamba nyumba imekuwa kubwa, kwamba dada yake Benadetha naye ana watoto wake wa kulisha. Valeria alimsikiliza mpaka mwisho. Alichagua suruali moja kwenye fungu, ya kiuno chake cha sasa na si cha zamani, akampa. Kisha akainuka, akasimamisha lori la kwanza lililokuwa likielekea kusini, akamlipa utingo, akamwambia mtu huyu ashushwe Lindi. Cletus alipanda. Kutoka juu ya magunia aliuliza kama hana hata neno moja la kumpa.

Valeria aligeuka. Alirudi kukaa.

Mwaka uliofuata, mvua zilipokwisha, ulifika ujumbe kwamba Dativa amejifungua mtoto wa kike. Valeria alisafiri siku tatu mpaka Newala akiwa na nguo za mtoto mchanga alizozishona kwa mkono. Walimpokea vizuri. Mzee Valentini alimpa kiti chake mwenyewe, na mwalimu Leonadi alimwita mama. Dativa alikuwa amenenepa, alimpakatisha mtoto akatoka kwenda kuoga. Mtoto alikuwa na paji la uso lile ambalo Rosa alilitambua kule uwandani, pana, lililotoka mbele kidogo, na Valeria aliliangalia kwa muda mrefu akiwaza ni la watu gani, wa nchi gani.

Dativa aliporudi, Valeria akamwuliza mtoto anaitwa nani. Akaambiwa Benadetha.

Akasema ni jina zuri. Akala chakula cha jioni pamoja nao, akalala, na alfajiri akasindikizwa hadi kwenye gari. Somanga alikuta turubai limepeperuka upande mmoja na mbuzi wamelalia sweta. Akawafukuza, akakung'uta, akapanga upya.